Devoir (kazi ya nyumbani) ya aljebra na jiometri: namna ya kuifanya mstari kwa mstari

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa mwaka wa 7 na wa 8 hapa Bukavu, pamoja na mama, baba, yaya (kaka au dada mkubwa) au mjomba anayeketi nao jioni mezani. Shuleni hesabu hufundishwa kwa Kifaransa, nyumbani hufafanuliwa kwa Kiswahili, na hapo katikati mengi hupotea. Sisi tutafafanua kwa Kiswahili, lakini maneno ambayo mwalimu huyaandika ubaoni tutayaacha kama yalivyo, maana ndiyo mtoto atakayoyakuta kwenye karatasi ya mtihani.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: kila mstari unaouandika uwe na sababu yake, na sababu hiyo iandikwe kando. Chukua lati (rula) na penseli, piga mstari wa wima kwenye ukurasa wa kaye (daftari). Kushoto, kwenye nafasi kubwa, weka hesabu. Kulia, kwenye nafasi ndogo, weka sababu: "natoa 2x pande zote", "nafungua mabano", "nagawa kwa 3". Anayeruka mistari hufanya kosa mahali asipopaona, na anayemsaidia naye hapaoni.

Soma kwanza unaambiwa ufanye nini

Résoudre ni kutafuta thamani ya x. Calculer ni kupata namba. Développer ni kufungua mabano, na factoriser ni kinyume chake, yaani kurudisha mabano. Démontrer ni kuonyesha kwa sababu kwamba jambo ni kweli, na hapo kupima kwa lati au raporteri (kifaa cha kupimia pembe) hakukubaliki kuwa jibu.

Alama nyingi hupotea hapa kabla hata hesabu haijaanza. Ukiambiwa développer 3(x − 2), jibu ni 3x − 6, na kazi imeisha. Wengi huendelea, wakaweka "= 0", wakamaliza na x = 2. Hiyo sifuri haikuwapo kwenye swali. Pasipo alama ya = hakuna mlinganyo, na pasipo mlinganyo hakuna x ya kutafuta.

Mlinganyo wa x moja

Tuchukue huu:

5x − 7 = 2x + 11

3x − 7 = 11 (nimetoa 2x pande zote mbili)

3x = 18 (nimeongeza 7 pande zote mbili)

x = 6 (nimegawa pande zote mbili kwa 3)

Kisha vérification, yaani kulijaribu jibu. Rudi kwenye mstari wa kwanza kabisa, ule wa swali, weka 6 mahali pa x. Kushoto: 5 × 6 − 7 = 23. Kulia: 2 × 6 + 11 = 23. Pande zimelingana, jibu ni sahihi. Usiijaribu kwenye mstari wa pili au wa tatu, kwa sababu kosa linaweza kuwa limekwisha kuingia hapo, na jaribio litakudanganya.

Wanafunzi wengi wamekariri kwamba namba ikivuka alama ya = inageuza ishara. Maneno hayo ni mafupi na yanafaa kwa kujumlisha na kutoa tu. Kwenye 3x = 18, aliyekariri hivyo huandika x = 18 − 3 = 15. Kosa lake ni kwamba 3 haijajumlishwa na x, imezidishwa nayo, na kinachoondoa kuzidisha ni kugawa. Vilevile −4x = 20 si x = 24 wala x = 5. Unagawa kwa −4, pamoja na ishara yake, unapata x = −5. Kwa hiyo tunashauri maneno ya "kuvuka" yaachwe kabisa mpaka mtoto awe amezoea kusema "nafanya jambo lile lile pande zote mbili". Ni maneno marefu zaidi, lakini hayamwangushi.

Alama ya kutoa mbele ya mabano

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko popote katika aljebra ya mwanzo, kwa hiyo tukae kidogo.

5 − 3(x − 2) = −7

Kinachozidisha mabano ni −3, si 3. Izungushie penseli pamoja na ishara yake kabla ya kugusa kitu. Halafu: −3 × x = −3x, na −3 × −2 = +6.

5 − 3x + 6 = −7 (nimefungua mabano)

11 − 3x = −7 (5 + 6)

−3x = −18 (nimetoa 11 pande zote)

x = 6 (nimegawa kwa −3)

Vérification: 6 − 2 = 4, 3 × 4 = 12, 5 − 12 = −7. Sawa.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kuandika 5 − 3x − 6: alama ya kutoa imefika kwa x lakini haikufika kwa 2. La pili ni kufanya 5 − 3 kwanza, ukapata 2(x − 2). Kuzidisha hutangulia kutoa, na 3 imeshikamana na mabano. Huwezi kuing'oa hapo uikutanishe na 5.

Sasa, mzazi au yaya, hii ni mbinu ya kupata kosa lilipo bila hata kujua jibu sahihi. Tuseme mtoto amefanya kosa la kwanza:

5 − 3(x − 2) = −7

5 − 3x − 6 = −7

−1 − 3x = −7

−3x = −6

x = 2

Chukua x = 2 yake, anza chini, panda juu, ukiiweka katika kila mstari. Kwenye −3x = −6: −6 = −6, inakubali. Kwenye −1 − 3x = −7: −1 − 6 = −7, inakubali. Kwenye 5 − 3x − 6 = −7: 5 − 6 − 6 = −7, inakubali. Kwenye mstari wa swali: 5 − 3 × 0 = 5, na 5 si −7. Imekataa. Basi kosa liko kati ya mstari wa kwanza na wa pili. Usimwambie ni nini, mwonyeshe mistari hiyo miwili tu, umwulize: "Ulifanya nini kutoka huu kwenda huu?" Mara nyingi hulikamata mwenyewe. Mbinu hii humfaa pia mzazi aliyeacha shule zamani, kwa sababu inadai kujumlisha, kutoa na kuzidisha peke yake.

Sehemu

Mlinganyo wenye sehemu (fractions) huwatisha wanafunzi, na kumbe hatua moja inaziondoa zote. Tafuta PPCM ya namba za chini, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila moja yao, zidisha kila kitu kwa hiyo.

(x + 1)/2 − (x − 3)/4 = 3

PPCM ya 2 na 4 ni 4. Zidisha vipande vyote vitatu kwa 4:

2(x + 1) − (x − 3) = 12

2x + 2 − x + 3 = 12

x + 5 = 12

x = 7

Vérification: 8/2 − 4/4 = 4 − 1 = 3. Sawa.

Angalia mambo mawili. Ile 3 ya upande wa kulia nayo ilizidishwa, ikawa 12. Wengi huisahau kwa sababu haina kitu chini yake. Na kistari cha sehemu hufanya kazi ya mabano. Kwenye kaye ya mtoto (x − 3)/4 imeandikwa x − 3 juu ya kistari, bila mabano. Kistari kikiondoka, mabano lazima yaingie mahali pake, la sivyo ataandika − x − 3 na kumaliza na x = 13. Mshauri mtoto ayaandike mabano hayo tangu mstari wa kwanza, kabla ya kuzidisha chochote.

Mara moja moja x hupotea kabisa. Ukifika kwenye 1 = 4, kama katika 2x + 1 = 2x + 4, mlinganyo hauna jibu. Ukifika kwenye 6 = 6, kama katika 2(x + 3) = 2x + 6, kila namba ni jibu. Hujakosea, andika hivyo hivyo kwa sentensi.

Problème ya maneno

Hatua ya kwanza ni kuandika x ni nini, kwa sentensi nzima, pamoja na kipimo chake: "x ni pesa za mtu wa pili, kwa franga". Asiyeandika sentensi hiyo hufika mwisho akiwa na namba mkononi asiyojua ni ya nani.

Watu wawili wanauza samaki wadogo wa sambaza pamoja huko Kadutu, wanagawana 45 000 FC (franga za Kongo). Wa kwanza anapata 9 000 FC zaidi ya wa pili. Kila mmoja anapata ngapi? Wengi hugawa 45 000 kwa 2, wanapata 22 500, kisha humwongezea wa kwanza 9 000. Lakini 31 500 + 22 500 ni 54 000. Zimetokea franga ambazo hazikuwapo. Njia ni hii: wa pili ana x, wa kwanza ana x + 9 000.

x + x + 9 000 = 45 000

2x = 36 000

x = 18 000

Wa pili 18 000 FC, wa kwanza 27 000 FC. Jaribu kwa maneno ya swali lenyewe, si kwa mlinganyo wako: zikijumlishwa ni 45 000, zikitofautishwa ni 9 000. Ukijaribu kwenye mlinganyo peke yake, na mlinganyo wenyewe uliuandika vibaya, jaribio litakubali na jibu litakuwa baya vilevile.

Maswali ya umri yana mtego wao. Baba ana miaka 38, mtoto ana 8. Baada ya miaka mingapi umri wa baba utakuwa mara tatu ya umri wa mtoto? Ikipita miaka x, baba ana 38 + x, na mtoto ana 8 + x. Mlinganyo ni 38 + x = 3(8 + x), yaani 38 + x = 24 + 3x, 14 = 2x, x = 7. Baba atakuwa na 45, mtoto 15. Anayeandika 38 + x = 3 × 8 amemkuza baba akamwacha mtoto, na atapata −14. Jibu la namna hiyo likikutokea, usifute alama ya kutoa ili lipendeze. Rudi kwenye sentensi zako za mwanzo.

(x + 5)² si x² + 25

Ukiwa na shaka juu ya kanuni yoyote ya herufi, ijaribu kwa namba ndogo. Weka x = 1: (1 + 5)² ni 36, lakini 1 + 25 ni 26. Basi kanuni hiyo ni ya uongo. Ya kweli ni x² + 10x + 25, na kwa x = 1 inatoa 1 + 10 + 25 = 36. Namba moja inatosha kuangusha kanuni mbaya, ingawa haitoshi kuthibitisha iliyo nzuri. Usitumie 0 kwa jaribio hili: 0 inafanya makosa mengi yaonekane kama ukweli.

Sababu inaonekana ukiichora. Chora mraba wenye upande wa x + 5, ukate kila upande pale x inapoishia. Unapata vipande vinne: mraba wa x kwa x, mraba wa 5 kwa 5, na mistatili miwili ya 5 kwa x. Mistatili hiyo miwili ndiyo 10x.

Jiometri: mchoro kwanza

Kabla ya hesabu yoyote chora umbo kwa penseli, kubwa, angalau robo ya ukurasa. Andika juu yake kila kipimo kilichotolewa, tia alama ndogo ya mraba kwenye pembe ya nyuzi 90, na alama ya kuuliza kwenye kinachotafutwa. Usichore pembetatu yenye pande sawa kama swali halikusema hivyo. Jicho litaanza kuamini mchoro kuliko swali.

Kisha geuza vipimo vyote viwe vya aina moja. Kosa kubwa liko kwenye eneo. Mita 1 ni sentimita 100, lakini 1 m² ni 10 000 cm², kwa sababu unazidisha 100 kwa 100. Chukua sebule ya 4,2 m kwa 3 m, na vigae vya 30 cm kwa 30 cm. Sebule ni 420 cm kwa 300 cm. Upande mrefu unaingiza vigae 420 : 30 = 14, mfupi 300 : 30 = 10. Jumla ni 140. Kwa njia ya eneo: 12,6 m² : 0,09 m² = 140. Aliyedhani 1 m² ni 100 cm² atapata 1 260 : 900 = 1,4, yaani kigae kimoja na nusu hivi kwa sebule nzima. Jibu la namna hiyo mtoto afundishwe kulikataa kabla hajalifikisha kwa mwalimu.

Parseli (viwanja) nazo hutokea kwenye maswali. Ya 25 m kwa 18 m ina mzingo wa 2 × (25 + 18) = 86 m, na eneo la 450 m², yaani are 4,5, kwani are 1 ni 100 m². Ukuta unahesabiwa kwa mzingo, ardhi kwa eneo. Mwanafunzi anayechanganya hayo mawili aulizwe: unazunguka au unafunika?

Pembe

Pembe tatu za pembetatu hujumlika nyuzi 180. Pembe zikiwa x, 2x na x + 20:

x + 2x + x + 20 = 180

4x = 160

x = 40

Usisimame hapo. Swali liliuliza pembe: 40°, 80° na 60°. Jumlisha: 180.

Triangle isocèle, yaani pembetatu yenye pande mbili sawa, ina pembe mbili sawa kwenye msingi wake. Ukiambiwa tu kwamba pembe moja ni 40° bila kuambiwa ni ipi, majibu ni mawili: 40°, 70°, 70°, au 40°, 40°, 100°. Andika yote mawili.

Raporteri ina safu mbili za namba zinazokwenda kinyume. Kabla ya kusoma, tazama pembe kwa jicho: imebana kuliko ile ya kona ya kaye, au imepanuka? Ikiwa imebana, kisha ukasoma 130, umesoma safu isiyo yake. Pembe ni 50°. Na kitovu cha raporteri kikae juu ya ncha ya pembe, si ukingo wa plastiki.

Pythagore

Kanuni hii husema kwamba mraba wa upande mrefu ni sawa na jumla ya miraba ya zile mbili nyingine, nayo ni ya pembetatu yenye pembe ya nyuzi 90 pekee. Kama alama hiyo haipo, na swali halijaisema, usiitumie. Hatua ya kwanza ni kuipata hypoténuse: upande unaotazamana na pembe ya 90°. Haishiki pembe hiyo hata kidogo, na ndio mrefu kuliko yote.

Bukavu ni mji wa miteremko, basi tuchukue mteremko. Njia inapanda 6 m kwenda juu huku ikisogea 8 m kwa usawa. Urefu wake: 6² + 8² = 36 + 64 = 100, na √100 = 10 m. Anayejumlisha 6 + 8 akapata 14 amepima njia ya kwenda kwa usawa kisha kupanda wima. Jibu la hypoténuse lazima lizidi kila upande na lipungue jumla yao. Hapa: zaidi ya 8, chini ya 14.

Ikitafutwa pande nyingine, unatoa. Ngazi ya 6,5 m imeegemea ukuta, mguu wake uko 2,5 m kutoka ukutani. Inafika juu kiasi gani? 6,5² − 2,5² = 42,25 − 6,25 = 36, basi 6 m. Aliyejumlisha angepata √48,5, karibu 6,96 m: ngazi ifike juu kuliko urefu wake yenyewe.

Kanuni hufanya kazi pia kinyume, nayo huitwa réciproque. Mwashi anayepanga msingi hupima 60 cm kwenye uzi mmoja, 80 cm kwenye uzi wa pili, kisha umbali kati ya alama hizo. Ukiwa 100 cm kamili, kona ni ya nyuzi 90, kwa sababu 3 600 + 6 400 = 10 000. Ukiwa 103 cm, kona imefunguka kupita kiasi. Kwenye kaye fanya hivyo hivyo: hesabu mraba wa upande mrefu peke yake, hesabu jumla ya miraba ya zile mbili peke yake, kisha ulinganishe. Usiandike alama ya = kati yao kabla hujajua kama zinalingana.

Duara

Andika kwanza kama ulichopewa ni rayon (kutoka katikati mpaka ukingoni) au diamètre (kutoka ukingo mpaka ukingo kupitia katikati). Beseni lenye diamètre ya 40 cm lina rayon ya 20 cm. Mzingo: 3,14 (yaani π) × 40 = 125,6 cm. Eneo: 3,14 × 20² = 3,14 × 400 = 1 256 cm². Aliyetumia 40 kwenye eneo atapata 5 024, mara nne ya jibu. Na ni 20 tu inayopigwa mraba. Usizidishe 3,14 × 20 kwanza ndipo upige mraba.

Mashine ya kuhesabia

Mashine ndogo za kawaida hazifuati utaratibu wa kuzidisha kwanza. Ukibonyeza 2 + 3 × 4 =, nyingi zitakuonyesha 20, wakati jibu ni 14. Jaribu hesabu hiyo kwenye mashine yako au simu yako kabla ya kuiamini. Ikitoa 20, fanya kila kuzidisha peke yake, andika matokeo kwenye kaye, ndipo ujumlishe. Nukta inayoonekana kwenye kioo ni ile koma tunayoandika shuleni: 3.14 ya simu iandikwe 3,14. Kukata desimali kufanywe kwenye mstari wa mwisho peke yake, na jibu lifuatwe na kipimo chake: m kwa urefu, m² kwa eneo, ° kwa pembe, FC kwa pesa.